Usuli wa Maudhui ya Uhuru: Maisha ya Mekatilili wa Menza

Kwa nini tusome maisha haya?

Maudhui ya uhuru ni miongoni mwa maudhui ya tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Wanafunzi wengi huyajibu maswali yake kwa kuorodhesha maovu ya Majoka: kafunga soko, kawatesa wapinzani, kawanyima raia haki zao. Jibu la aina hiyo si baya, ila huwa halijagusa kiini. Swali gumu zaidi ni hili: je, watu wa Sagamoyo wanataka nini hasa wanapodai uhuru? Wanataka kuachwa tu, au kuna maisha fulani wanayoyataka, ambayo bila uhuru hayapatikani?

Ili kulielewa swali hilo, tutayaangalia maisha ya mwanamke aliyeishi nchini humu humu, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Mekatilili wa Menza hakuandika kitabu. Hata hivyo, alikuwa na maoni thabiti kuhusu uhuru na furaha ya binadamu, na maoni hayo aliyadhihirisha kwa vitendo. Mwanafunzi, soma sura hii ukimfikiria Tunu.

Kuzaliwa na malezi

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 upande wa Bamba, bara ya Kilifi, katika jamii ya Wagiriama. Wagiriama ni mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi, na Menza ni jina la babake. Alikuwa binti wa pekee miongoni mwa ndugu wa kiume. Alipoolewa na kumzaa mwana aliyeitwa Katilili, akaitwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili, kulingana na desturi ya Wagiriama ya kumheshimu mzazi kwa jina la mtoto. Jina la mama ndilo lililokuja kujulikana kote nchini. Utaona baadaye kwamba umama haukuwa jambo dogo katika siasa yake.

Masimulizi ya kwao yanaeleza kwamba alipokuwa mdogo, kakake aitwaye Mwarandu alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakurudi tena. Msiba huu ulimfunza jambo mapema: mtu anapochukuliwa, anayeumia si yeye peke yake. Nyumba nzima hupungukiwa. Mama hukosa mwana, dada hukosa kaka, shamba hukosa mkono.

Alikulia pia katika jamii iliyokuwa ikisimulia utabiri wa Mepoho, nabii wa kike. Mepoho alikuwa ametabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama nyuzi za katani. Baada ya ujio huo, ardhi ingepoteza rutuba na vijana wangeacha kuwaheshimu wazee. Kwa hivyo wageni hao walipofika kweli, Mekatilili hakuwa akitoa onyo jipya. Alikuwa akiwakumbusha watu jambo walilolijua tangu utotoni.

Nchi ya kaya na watoro

Hapo zamani Wagiriama hawakuwa na mfalme. Waliongozwa na baraza la wazee lililoitwa kambi. Baraza hilo lilikutana ndani ya kaya, yaani makao matakatifu yaliyozungukwa na msitu. Kaya kuu ya Wagiriama ni Kaya Fungo. Humo mlihifadhiwa vitu vitakatifu, humo viapo vilitolewa na kesi zikaamuliwa. Hata baada ya watu wengi kuhama kutoka kayani na kutawanyika kuelekea mto Sabaki wakitafuta mashamba, kaya ilibaki kuwa kitovu cha maisha yao.

Wagiriama walilima mtama na mahindi, wakafuga, na wakauza nafaka na pembe za ndovu katika miji ya pwani kama vile Malindi na Takaungu. Malindi ya wakati huo ilizungukwa na mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa. Watumwa waliotoroka walikimbilia bara, wengine katika misheni ya Rabai, wengine katika vijiji vya watoro kama Fuladoyo. Basi neno uhuru halikuwa geni kwa watu wa eneo hili. Walikuwa wamewaona kwa macho yao watu waliouhatarisha uhai ili kuupata.

Uhuru wa karatasi na uhuru wa kweli

Hapa tunafikia hali inayofanana na kinaya, na mwanafunzi anapaswa kuitilia maanani.

Mwaka wa 1907, serikali ya Uingereza ilipitisha sheria iliyofuta utumwa katika pwani ya Kenya. Mtu hangeweza tena kumdai mwenzake mahakamani kama mali yake. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwaka uliofuata, 1908, ilipitishwa sheria ya hati za ardhi katika pwani. Kwa sheria hiyo mtu binafsi aliweza kudai shamba na kupewa hati. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye mali wa mijini, walioujua utaratibu wa serikali. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na ya kaya, hawakupata kitu. Athari za sheria hiyo zinaonekana hadi leo, kwani familia nyingi za Kilifi na Malindi bado zinaitwa maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zao.

Kisha mwaka wa 1912 akafika ofisa mmoja Mwingereza, Arthur Champion, kuwasimamia Wagiriama. Walitakiwa walipe kodi ya nyumba. Walitakiwa pia watoe vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi na katika shughuli za serikali. Wazee wapya wakateuliwa ili wazitekeleze amri hizo.

Serikali ilikuwa na falsafa yake kuhusu furaha ya binadamu. Iliamini kwamba mtu akifanya kazi ya mshahara, akalipa kodi na kutii sheria, atastaarabika na kuendelea. Mekatilili aliliona jambo hili kwa jicho lingine. Sheria ilikuwa imesema hakuna mtumwa tena pwani. Sasa mbona vijana wanachukuliwa kwa lazima wakalime shamba la mtu mwingine? Kwa mama aliyeachwa nyumbani, tofauti kati ya mfanyabiashara wa watumwa na ofisa wa serikali ilikuwa ndogo. Wote wawili waliondoka na mtoto wake.

Mkutano wa Agosti 1913

Champion aliitisha mkutano wa hadhara mwezi Agosti 1913 ili kuwashawishi Wagiriama watoe vijana. Mekatilili, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa makamo, alisimama mbele ya umati na kumpinga.

Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kisa cha kuku. Inasemekana Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja. Champion alipojaribu, kuku alimrukia na kumdonoa mkono. Mekatilili akaueleza umati kwamba hivyo ndivyo serikali itakavyokabiliwa ikijaribu kuwachukua wana wa Wagiriama.

Tazama ubora wa mfano huu. Kuku ni mnyonge. Hana kucha za mwewe wala nguvu za fisi. Hana pia elimu ya sheria. Lakini ana jambo analolilinda, na hilo linatosha kumfanya amkabili mkubwa kuliko yeye. Kwa Mekatilili, haki ya kudai uhuru haitokani na nguvu au cheo. Inatokana na uhusiano wa mtu na wale anaowapenda.

Ngoma na kiapo

Mekatilili hakuishia kwenye maneno. Alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya wanawake iliyochezwa katika matanga. Popote ngoma ilipopigwa, watu walikusanyika, na waliokusanyika walipata ujumbe. Kuchagua ngoma ya matanga kulikuwa na maana. Jamii ilikuwa ikiomboleza kitu kilichokuwa kikifa.

Kisha watu wengi wakakutana katika Kaya Fungo. Mekatilili alishirikiana na mzee mmoja, Wanje wa Mwadorikola. Viapo viwili vikatolewa: wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Waliokula kiapo waliahidi kutoshirikiana na serikali kwa namna yoyote, ikiwemo kulipa kodi na kutoa vijana. Matokeo yake yakaonekana haraka. Wazee walioteuliwa na serikali walikosa wa kuwaamrisha, na Champion akajikuta na ofisi isiyo na raia.

Kisii na safari ya kurudi

Mwezi Oktoba 1913, Mekatilili na Wanje walikamatwa na kuhamishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi. Hukumu yao ilikuwa miaka mitano. Serikali ilidhani kwamba umbali ungemaliza maneno.

Mwezi Januari 1914 walitoroka. Walitembea kwa miguu mamia ya kilomita, wakapita katika nchi za watu wenye lugha wasizozijua, hadi wakafika Giriama. Mekatilili hakuwa msichana wakati huo. Angeweza kubaki magharibi mwa nchi na kujificha. Alichagua kurudi mahali ambapo alijua fika kwamba atatafutwa tena.

Vita vya 1914

Serikali ilifanya uamuzi wa kuiharibu Kaya Fungo. Mwezi Agosti 1914, wakati ule ule Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikianza Ulaya, kaya ililipuliwa kwa baruti. Miti mikubwa ikaangushwa na malango yakavunjwa. Sasa serikali ilihitaji vijana kwa ajili ya jeshi la wapagazi pia, lile lililotupa jina la Kariakor. Mekatilili alikamatwa tena mwezi huo huo na kuhamishwa.

Vita vikazuka kati ya Wagiriama na askari wa serikali. Wagiriama walikuwa na mishale na pinde dhidi ya bunduki. Nyumba nyingi zilichomwa, mifugo ikatwaliwa na watu wakauawa. Wagiriama walipoomba amani, walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vijana 1,000 kuwa wapagazi, na waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuihama ardhi ile yenye rutuba.

Ukiishia hapa, utasema Mekatilili alishindwa. Lakini baada ya muda serikali iligundua kwamba amri ya kuwahamisha watu haikuwa na faida, na Wagiriama wakaruhusiwa kurudi kaskazini ya Sabaki. Mekatilili na Wanje nao wakarejea mwaka wa 1919, wakaruhusiwa kuishi katika kaya. Wanje akaliongoza baraza la wanaume na Mekatilili baraza la wanawake. Alifariki mwaka wa 1924 na kuzikwa Bungale, Magarini, kaskazini mwa Malindi. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi, na misitu ya kaya imetambuliwa na UNESCO tangu mwaka wa 2008 kuwa urithi wa dunia.

Falsafa yake kuhusu uhuru na furaha

Kutokana na maisha haya tunaweza kudondoa hoja nne.

(i) Uhuru si kukosa mtawala tu. Wagiriama walikuwa na sheria, wazee, faini na viapo. Hawakutaka maisha yasiyo na amri. Walitaka amri zitoke kwao. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha mwaka wa 1762 kuhusu mkataba wa kijamii, alitoa hoja iliyo karibu na hii: mtu huwa huru anapoitii sheria aliyojiwekea mwenyewe. Kiapo cha Kaya Fungo kilikuwa sheria ya aina hiyo.

(ii) Furaha hukaa mahali. Epictetus, mwanafalsafa wa Roma ya kale aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kwamba uhuru wa kweli umo akilini, na kwamba hata aliyefungwa anaweza kuwa huru moyoni. Fikra hii imewafariji wengi. Mekatilili, hata hivyo, hakuridhika na uhuru wa moyoni akiwa Kisii. Kwake yeye, furaha ilikuwa shamba, kaya, makaburi ya wahenga na sauti za jamaa. Ndiyo maana alitembea.

(iii) Hakuna aliye huru peke yake. Mwana akichukuliwa, mama naye si huru. Hoja hii inakaribiana na ile ya Aristotle wa Ugiriki, aliyeamini kwamba binadamu hufikia maisha mema akiwa ndani ya jamii. Lakini Aristotle hakuwapa wanawake wala watumwa nafasi katika uongozi wa mji. Mekatilili aliichukua nafasi hiyo bila kuomba ruhusa.

(iv) Uhuru una gharama, na anayeudai hujilipia kwanza. Mekatilili hakuwatuma wengine gerezani. Alitangulia yeye, mara mbili.

Upande wa pili wa mjadala

Mtahiniwa bora huona pia udhaifu wa hoja. Kiapo kilichowaunganisha Wagiriama kiliwabana pia. Ambaye hakukubaliana na wenzake alitiwa hofu ya laana, na mzee aliyeshirikiana na serikali, pengine kwa kutaka kuwaepusha watu wake na bunduki, alihesabiwa msaliti. Je, uhuru wa jamii unaweza kuwa kifungo kwa mtu mmoja? Aidha, vita vya 1914 vilileta njaa na vifo. Je, mwenye kupigania furaha ya watu ana haki ya kuwaingiza katika mateso hayo?

Anayemtetea Mekatilili atajibu kwamba aliyeleta baruti si yeye. Atasema pia kwamba alichagua kwanza njia zisizo za silaha: hotuba, ngoma na kugoma. Anayempinga atasema kwamba kiongozi hupimwa kwa matokeo pia. Majibu yote mawili yanaweza kupata alama, mradi yathibitishwe.

Uhusiano na Kigogo

Katika Kigogo, kufungwa kwa Soko la Chapakazi kunawanyima wanasagamoyo riziki, lakini kunawanyima pia mahali pa kukutana. Soko kwao ni kama kaya kwa Wagiriama. Majoka, kama Champion, anadai kwamba analeta maendeleo. Sudi anakataa kuchonga kinyago cha Ngao licha ya ahadi za mali, kwa sababu mkono wake hautaki kusema uwongo. Amekula kiapo na nafsi yake. Naye Tunu, kama Mekatilili, anaumizwa na haachi. Wote wawili ni wanawake ambao hawakupewa uongozi na yeyote, bali watu waliwafuata kwa kuwa walitangulia.

Tofauti ipo vilevile. Mekatilili aliitetea mila ya jadi dhidi ya mgeni. Tunu anapambana na mtawala wa kwao, kwa kutumia elimu, sheria na maandamano. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inamfaa Tunu zaidi, ijapokuwa wazee walioteuliwa na Champion wanatukumbusha kwamba hata wakati ule nguo ilikuwa na viroboto wake.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya uhuru wa kisheria na uhuru wa kweli kwa kurejelea pwani ya Kenya kati ya mwaka wa 1907 na 1914. (alama 6)

2. Fafanua maana ya kisa cha kuku na vifaranga, kisha uonyeshe jinsi kinavyoweza kumwangazia Tunu. (alama 8)

3. Uhuru wa jamii unaweza kuukandamiza uhuru wa mtu binafsi. Jadili kauli hii ukirejelea kiapo cha Kaya Fungo na matukio katika tamthilia ya Kigogo. (alama 20)

4. Mtu anaweza kuwa na furaha bila uhuru. Kubaliana na kauli hii au uipinge, ukitumia mifano kutoka kwa maisha ya Mekatilili na ya wahusika wawili katika Kigogo. (alama 20)